Mtu wako ana ugonjwa wa akili au ameanza kusahau? Vile utalinda haki zake hatua kwa hatua (Kenya)

Ndugu yangu mdogo ana baipola, ule ugonjwa wa hisia kupanda juu sana na kushuka sana, na baba yetu ana ugonjwa wa kusahau, dimenshia, miaka kadhaa sasa. Kwa hivyo ndani ya boma moja nimeona zote mbili, ile ya mtu kubadilika ghafla wiki hii na mwezi ujao yuko kazini vizuri kabisa, na ile ya mtu kupotea polepole mpaka siku moja anakuuliza wewe ni mtoto wa nani.

Mara ya kwanza ndugu yangu kushikwa na ugonjwa tulimfunga kamba tukamweka nyuma ya pikapu. Majirani walisaidia. Hakuna aliyekuwa na roho mbaya, tulikuwa tumeogopa tu. Akalala seli siku mbili bila dawa, alafu hospitalini nikapewa fomu nikasaini bila hata kuisoma. Alipopona akaniuliza, "Kaka, si mngeniuliza tu wakati niko sawa?" Karibu yote nitakayoandika hapa yametoka kwa hilo swali. Naandika ya Kenya manake ndiyo naijua, kwingine sheria ni tofauti.

Hatua ya 1: Jua sheria inasema nini kabla mambo hayajaharibika

Sheria kubwa ni ile ya Afya ya Akili ya 1989, lakini ilibadilishwa sana mwaka wa 2022 na watu wengi, hata watu wa ofisini, bado wanaongea ile ya zamani. Hiyo ya 2022 inasema mgonjwa ana haki ya kukubali au kukataa matibabu, kuelezwa anatibiwa nini na kushiriki kupanga hayo matibabu, siri zake kufichwa, kulindwa asinyanyaswe kimwili wala kingono wala kimali, na kupata bima ya afya kama mtu mwingine yeyote. Kampuni ya bima ikimbagua kwa sababu ya ugonjwa wa akili inavunja sheria. Na kuna hii ya msaidizi, yaani mtu anayemwakilisha mgonjwa kulingana na matakwa ya mgonjwa mwenyewe. Shika hapo, matakwa ya mgonjwa, sio yale familia imeamua kwa kikao.

Katiba ya 2010 nayo, Kifungu cha 260, ukisoma maana ya ulemavu utakuta ya akili imo ndani. Kwa hivyo haki zote za watu wenye ulemavu za Kifungu cha 54 ni zake pia. Na kura anapiga. Kifungu cha 83 kinamzuia tu mtu aliyetangazwa rasmi kuwa hana akili timamu, na barua ya dokta ya kusema una skizofrenia, ule ugonjwa wa kusikia sauti zisizokuwepo, sio tangazo kama hilo. Nimesikia karani akimrudisha mama nyumbani ati "huyu ni mgonjwa." Hilo ni kosa, usikubali.

Hatua ya 2: Kaeni chini wakati yuko sawa

Hii ndiyo hatua watu wanaruka na ndiyo inaokoa kila kitu. Kwa mtu wa baipola au skizofrenia ngoja awe ametulia, dawa zimeshika. Kwa mzee anayeanza kusahau usingoje hata mwezi, manake kila siku inayopita uwezo wake wa kusaini kitu kikasimama kortini unapungua.

Chukua karatasi, muulize, andika vile anasema yeye:

- ukiugua tena unataka upelekwe hospitali gani, na gani hutaki kabisa
- dawa gani zilikusaidia na gani zilikuumiza
- nani apigiwe simu kwanza, na nani asiambiwe
- watoto wakae kwa nani
- nani ashike kadi ya benki na laini ya M-Pesa, na mpaka lini
- msaidizi wako ni nani, na huyo akikosekana ni nani mwingine

Tarehe, sahihi yake, mashahidi wawili ambao hawapati faida yoyote hapo. Ukiweza mwombe dokta wake aandike kibarua kifupi siku hiyo hiyo kwamba amemuona na anaelewa anachosaini. Hicho kibarua ni kidogo lakini kortini kina uzito sana. Toa kopi, moja kwa faili ya hospitali, moja kwa msaidizi, moja abaki nayo mwenyewe.

Wosia pia ni wakati huu. Sheria ya Urithi, kifungu cha 5, inachukulia kwamba mtu aliyeandika wosia alikuwa na akili timamu, na anayebisha ndiye wa kuleta ushahidi. Kwa hivyo kuwa na ugonjwa wa akili hakumnyimi mtu kuandika wosia, bora siku ile awe anajua ana mali gani, watu wake ni akina nani na anafanya nini. Wosia wa maandishi unataka mashahidi wawili.

Alafu kuna ile hati ya kumpa mtu mwingine mamlaka ya kukufanyia mambo, wengi wanaiita "pawa". Sikiliza vizuri hapa. Hati ya kawaida ya pawa inategemea akili ya aliyeitoa, akishapoteza uwezo wa kuelewa hiyo hati inakufa nayo. Na ukimpeleka mzee kwa wakili asaini wakati hajui hata ni mwaka gani, hiyo karatasi ni ya kupasuliwa siku yoyote ndugu mmoja akienda kortini.

Hatua ya 3: Siku ya dharura

Kwanza, hospitali yoyote haiwezi kukataa kumtibu mtu wa dharura, Katiba Kifungu cha 43(2), iwe ya serikali iwe ya kibinafsi, na dharura ya akili ni dharura. Sio lazima ukimbie Mathari, ile hospitali kubwa ya akili ya Nairobi, moja kwa moja, hospitali nyingi za kaunti zina wodi au kliniki ya akili, Mombasa kuna Port Reitz, Eldoret kuna hospitali ya rufaa ya Moi.

Kama ni mtu amejaribu kujitoa uhai, mpeleke hospitali bila kuogopa kesi. Zamani kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai kilikuwa kinamfunga mpaka miaka miwili, watu walikuwa wanaficha mgonjwa nyumbani kwa hofu hiyo, lakini Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema hicho kifungu kinaenda kinyume na Katiba. Na kama ni wewe unayesoma hii na uko hapo pabaya, piga 1199, ni laini ya Msalaba Mwekundu, hailipishwi, ongea na mtu leo.

Akikataa kabisa kwenda na anaweza kujiumiza au kuumiza mtu, unaweza kuita chifu, naibu wa chifu au polisi. Sheria inawapa uwezo wa kumchukua, lakini wanapaswa kumfikisha hospitali ndani ya masaa 24, seli sio wodi. Kwa hivyo ukifika stesheni fanya hivi: sema wazi "huyu ni mgonjwa, sio mhalifu", itisha iandikwe kwa OB, kile kitabu cha matukio cha polisi, na uchukue namba, onyesha karatasi ya Hatua ya 2 au hata kadi ya kliniki, uliza jina la afisa, na uulize gari ya hospitali inatoka saa ngapi. Usiondoke. Sisi tuliondoka tukaenda kulala, ndiyo maana akakaa siku mbili.

Kamba na minyororo hapana. Wala kumpeleka kambi ya maombi afungiwe huko miezi. Kuomba ni haki yenu, mwombeeni sana, lakini Kifungu cha 29 cha Katiba kinakataza kumtendea mtu ukatili, na hakuna mahali kimesema isipokuwa awe mgonjwa.

Hatua ya 4: Ndani ya hospitali

Kabla hujasaini fomu uliza swali moja: analazwa kwa hiari yake au bila hiari? Ni fomu tofauti na zina matokeo tofauti. Kama anaweza kuongea na anaelewa, yeye ndiye anasaini. Kama hawezi kusema anataka ama hataki, hapo ndipo mume, mke au jamaa anaomba kwa maandishi, na lazima kuwe na maoni ya dokta. Itisha kopi ya ulichosaini.

Mambo ya kufuatilia kila ukienda kumuona: ameelezwa dawa zake? Kuna mtu amemfungia chumba peke yake au kumfunga kitandani? Hiyo inatakiwa iwe njia ya mwisho kabisa ya kuzuia madhara ya papo hapo, na iandikwe kwa faili. Anaruhusiwa kuongea na wakili wake na watu wake? Habari zake haziongelewi kwa korido? Habari za afya ni siri chini ya Sheria ya Afya ya 2017, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazihesabu kati ya zile nyeti zaidi. Bosi akipiga simu hospitali kuuliza, hapewi.

Bili. SHA, bima ya afya ya serikali, ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, kwa hivyo kama mtu wako hajasajiliwa piga *147# mapema, usingoje siku ya kulazwa. Na akiruhusiwa kutoka lakini wanamzuia kwa sababu ya deni, jua kwamba 2015 Mahakama Kuu ilisema kuzuilia wagonjwa kwa deni ni kinyume cha sheria. Deni linabaki, watakudai kama mdai yeyote, lakini mtu sio rehani.

Hatua ya 5: Shamba, pesa na watu wa kuzungukazunguka

Hapa nitakaa kidogo manake ndipo wazee wanaumizwa.

Baba alianza kwa kusahau majina, alafu akawa anakubali kila kitu anachoambiwa. Jioni moja nikampata na jamaa wawili na karatasi mezani. Nikamuuliza, "Baba, hii umeisoma?" Akasema, "Wamesema ni ya maji." Ilikuwa ni makubaliano ya kuuza nusu eka.

Kama una wasiwasi wa aina hiyo, fanya mambo haya kabla hata hujafikiria korti. Nenda ofisi ya ardhi ufanye sachi, yaani kukagua rekodi, uone shamba liko kwa jina la nani na kama kuna kitu kimeandikwa juu yake. Kama una haki kwenye hiyo ardhi, mfano wewe ni mke au mnaishi hapo kama familia, weka kosheni, yaani zuio linaloandikwa kwa rekodi ya shamba, iko kwa kifungu cha 71 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012. Ikishawekwa hakuna mtu anaweza kuhamisha hilo shamba kimyakimya. Kama ni shamba la kilimo, mauzo lazima yapite bodi ya ardhi, kwa hivyo andikia bodi barua, ambatanisha ripoti ya dokta, peleka mwenyewe na upigiwe muhuri kwa kopi yako. Nyumba ya ndoa haiuzwi bila mwenzi kukubali, mwambie mama hivyo, wamama wengi hawajui wana huo uwezo. Mjulishe chifu na wazee wa kijiji, wanunuzi wengi hurudi nyuma wakishajua watu wanajua.

Kwa pesa, ongea na benki kuhusu kupunguza kiwango cha kutoa kwa siku, akikubali yeye mwenyewe. Kwa mikopo ya simu aliyochukua akiwa amepanda juu kwa ugonjwa, andika barua kwa mkopeshaji haraka, weka tarehe za ugonjwa na barua ya dokta, uombe riba isimame na mpange malipo. Mkataba unaweza kuvunjwa kama yule mwingine alijua mtu hakuwa anaelewa anachofanya, lakini usidhani deni linafutika lenyewe.

Jambo moja ningependa kila familia ishike. Kumlinda mzee sio kumnyang'anya. Nimeona watoto wakisema "tunamlinda baba" kumbe wanagawana. Kama bado anaweza kuamua mambo madogo, aamue. Baba yangu hawezi kuuza shamba lakini anajua anataka chai ya aina gani na anataka elfu moja mfukoni akienda kanisani, na hiyo elfu ni yake.

Hatua ya 6: Korti, kama hakuna njia nyingine

Kama mtu hawezi tena kuelewa mambo ya mali na kuna kitu lazima kifanywe, mfano pensheni imekwama au pesa za matibabu ziko kwa akaunti yake, unaenda Mahakama Kuu kuomba uteuliwe mlezi na msimamizi wa mali yake chini ya kifungu cha 26 cha Sheria ya Afya ya Akili. Utahitaji:

ombi lenyewe na hati ya kiapo ya kueleza hali. Ripoti ya dokta wa akili, na iwe ya karibuni, sio ya miaka mitatu iliyopita. Kitambulisho chake na chako. Orodha ya mali yote. Na kukubali kwa maandishi kwa mke au mume na watoto wengine watu wazima. Hiyo ya mwisho ndiyo inachelewesha kesi nyingi, mkiwa hamuelewani nyumbani jaji ataliona hilo siku ya kwanza. Jaji mara nyingi anataka kumuona mgonjwa mwenyewe, kwa hivyo mwandae, mvalishe vizuri, muelezee kwa maneno anayoweza kuelewa mnaenda wapi.

Ukiteuliwa hujawa mwenye mali. Ndani ya miezi 6 unapeleka kortini orodha ya mali na madeni, unaweka hesabu ya kila shilingi, na hauwezi kuuza ardhi, kuiweka rehani au kuikodisha zaidi ya miaka 5 bila ruhusa nyingine ya korti. Weka risiti. Hata za dawa, hata za daipa.

Hatua ya 7: Kazi

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inakataza kubagua mtu kwa ulemavu na inataja kabisa hali ya akili. Likizo ya ugonjwa ukishafanya kazi miezi miwili mfululizo ni angalau siku 7 kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara kila mwaka, kampuni nyingi hutoa zaidi, soma barua yako ya kazi. Hakikisha barua ya dokta inafika, unaweza kuomba isiandike jina la ugonjwa, iseme tu hawezi kufanya kazi tarehe hii mpaka hii.

Wakitaka kumfuta lazima wamuelezee sababu, wamsikilize, na ana haki ya kuja na mfanyakazi mwenzake au mtu wa chama. Akifutwa bila hayo, aende kwa afisa wa leba ndani ya miezi mitatu, au korti ya kazi ndani ya miaka 3, muda usipite.

Hatua ya 8: Kadi ya ulemavu na pesa za serikali

Anapimwa hospitali ya umma iliyoidhinishwa, fomu inajazwa, alafu anasajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Wengi hawajui kwamba ugonjwa wa akili na upungufu wa uwezo wa akili zinaingia hapo. Akishapata kadi na ana mshahara, anaweza kuomba msamaha wa kodi KRA, mamlaka ya kodi, shilingi 150,000 za kwanza kila mwezi hazikatwi kodi. Asiye na kipato na mwenye ulemavu mkubwa anaweza kuwekwa kwa Inua Jamii, mpango wa serikali wa kutoa pesa, shilingi 2,000 kwa mwezi, na wazee wa miaka 70 kwenda juu pia wako. Ni kidogo, ndiyo, lakini kwa boma lingine hizo ndizo dawa za mwezi.

Hatua ya 9: Akishtakiwa, au akitendewa ubaya

Akishtakiwa, mwambie wakili na hakimu mara ya kwanza kabisa kwamba kuna historia ya ugonjwa, beba faili ya hospitali. Korti ina njia ya kuchunguza kama anaweza kujitetea. Asikubali kosa ili "yaishe haraka". Na muulize wakili wazi tutapelekwa wapi tukitumia ugonjwa kama utetezi, manake kuna watu walikaa ndani bila tarehe ya kutoka, miaka mingi kuliko wangekaa kwa kifungo cha kawaida. Pale ambapo haki itapotea sana bila wakili, serikali inatakiwa itoe mmoja, Kifungu cha 50 cha Katiba.

Akitendewa ubaya, na wasichana wenye upungufu wa akili wanadhulumiwa kingono sana, tena na watu wa karibu, usikubali mazungumzo ya mbuzi na wazee. Hospitali kwanza, ndani ya masaa 72 kwa sababu ya dawa za kuzuia HIV, asioge, nguo ziwekwe kwa karatasi sio plastiki. Alafu polisi, OB, P3, ile fomu ya polisi ambayo dokta anajaza majeraha, na P3 hailipishwi. Wakisema "huyu hawezi kutoa ushahidi", waambie sheria inaruhusu mtu wa kati amsaidie kueleza, iko kwa Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, kifungu cha 31. Na kwa madai mengine ya fidia, kama mtu hakuwa na akili timamu wakati ule, muda wa kushtaki unasimama mpaka apone.

Hatua ya 10: Wapi kwa kuanzia bila pesa

Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iliundwa na sheria ya 2016, iko kwa ajili ya wasio na uwezo. Kituo cha Sheria na FIDA, chama cha mawakili wanawake, wanasaidia bure, FIDA zaidi kwa wanawake na watoto. Malalamiko juu ya polisi ni IPOA, mamlaka huru ya kuwasimamia polisi, ya haki kuvunjwa ni Tume ya Haki za Binadamu. USPK ni chama cha watu ambao wao wenyewe wameishi na huu ugonjwa, na kwa kweli wao ndio walinifundisha kuuliza kwanza "mgonjwa anasemaje?" Kila ofisi unayoenda peleka kopi sio orijino, na uandike kwa daftari tarehe na nani uliongea naye.

Ile karatasi ya Hatua ya 2 nayo sio ya kuandika mara moja ukaifungia kabatini. Sisi tunaifungua kila Disemba watu wakiwa nyumbani. Mwaka jana ndugu yangu aliisoma yote, akatoa jina langu kama msaidizi wa kwanza akaweka la mke wake, akanisukumia kalamu nisaini kama shahidi. Nikasaini.